Mkumbushaji wa Sukari

Mimi nina hasira, na sioni kwa nini nizifiche. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi na mkunga akashindwa kuzikunjua. Basi siku ile mwalimu wetu wa maigizo, tuliyembandika jina la Makofi kwa sababu hamalizi sentensi bila kupiga kofi, alipoanza kuandika wahusika ubaoni, ngumi zangu zilikuwa tayari chini ya dawati.

Aliandika kwa herufi kubwa kubwa: Mwonevu. Mwonewa. Rafiki Mnafiki. Shahidi. Mlipiza Kisasi.

"Mchezo wa Siku ya Wazazi," akasema. Pa! "Safari hii hatuchezi vichekesho. Ni hadithi ya kutia roho juu. Msichana anamtesa mwenzake mpaka mwenzake anaacha shule. Halafu barua zisizo na jina zinaanza kumfuata yule mtesaji. Kwenye begi, kwenye dawati, chini ya mto. Mwisho anasimama mbele ya watu wote anatubu." Pa! Pa! "Haya, nani anataka nini?"

Loh! Mngeiona ile mikono. Wasichana kumi na watatu, wote wanataka kuwa Mwonewa. Mwonewa analia, Mwonewa anahurumiwa, Mwonewa anavaa gauni jeupe tukio la mwisho. Mwonevu hakuna aliyemtaka. Yaani kitu wanachokifanya bure kila siku ya Mungu, kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kurudi nyumbani, siku wanapoombwa wakifanye jukwaani wote wamegeuka malaika. Nilicheka kwa sauti. Makofi akanikata jicho.

Akaeleza nafasi moja moja. Alipofika kwa Shahidi alisema, "Huyu anapita, anasikia, anaondoka zake. Hana hata mstari mmoja."

"Sasa huyo wa nini, mwalimu?" mtu akauliza.

"Bila yeye hakuna mchezo."

Nikainama nikajifanya natafuta kalamu sakafuni. Nitawaambia kwa nini, lakini acheni kwanza nimalize kukasirika.

Mimi niliomba Mlipiza Kisasi. Sikunyoosha mkono, nilisimama kabisa. Makofi akanitazama toka juu hadi chini.

"Wewe hapana. Wewe ukipewa kisasi utamtoa mtu meno kweli." Darasa zima likaangua kicheko. "Wewe utakuwa mkumbushaji."

Mkumbushaji! Kama hamumjui, ni yule anayekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la pembeni, karatasi mapajani, mwigizaji akisahau maneno anamnong'oneza. Vazi hapewi, jina halitangazwi. Nilitaka kutoka nje nikabamize mlango. Ila kabla sijafika mlangoni nikasikia Makofi akitaja nani atakuwa Mwonevu, nikarudi nikakaa.

Alimtaja Sukari.

Sukari jina hilo alipewa na walimu wenyewe. Ana vishimo mashavuni, ana sauti ya kuimba, anawasalimia wapishi na wafagiaji kwa heshima zote, shikamoo hii, shikamoo ile. Ukimwona utasema mtoto wa watu, kalelewa. Na huyo huyo ndiye aliyemfungia mdogo wangu chooni.

Mdogo wangu nimempita miaka miwili, tulikuwa shule moja. Alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa sauti. Ukimpa hesabu, midomo inaanza: saba mara nane, andika sita, chukua tano, peleka huku. Hata jikoni, hata bafuni. Sukari akamwita Redio. Kila asubuhi pale mstarini anamfuata, anamshika sikio anamsokota, "Ngoja nitafute stesheni," na watu wanakufa kwa kicheko. Baada ya wiki mbili hata watoto wa darasa la chini, vidole vyao havijaacha kunuka maziwa, nao wanamsokota sikio.

Muhula uliopita, siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, walimsukuma kwenye choo cha mwisho cha jengo la zamani, wakapachika rula kwenye komeo kwa nje. "Leo Redio inazimwa." Mlinzi alimkuta saa kumi na mbili na nusu jioni alipokuwa anazunguka na funguo zake. Sauti ilikuwa imemkauka, viganja vimevimba kwa kugonga.

Tangu siku hiyo hajakanyaga shule. Na hahesabu tena kwa sauti. Anakaa mezani, madaftari yamefungwa mbele yake, anachezea kifuniko cha kalamu. Mama alikwenda kwa mkuu wa shule mara tatu. Mkuu akamwambia, "Nipe jina, mama, nimfukuze mtu leo hii." Lakini mtoto jina hataji. Nilimsihi, nilimkaripia, nilimtikisa mabega, hataji. Kitu kimoja tu alisema, na alikirudia kila alipoulizwa: "Shule nzima inajua na hakuna aliyesema. Sirudi mahali kama hapo."

Halafu ikaja barua yenye mhuri. Asiporudi Jumatatu inayofuata Siku ya Wazazi, jina lake linafutwa kwenye rejista na nafasi anapewa mwingine. Mama aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Mtoto mwenye kichwa kile cha hesabu, aishie kuosha vyombo vya watu! Hapo ndipo nilipoapa kwamba mtu atasema, apende asipende.

Sasa mtaniuliza, wewe ulijuaje kama ni Sukari, na mwenyewe hataji? Haya. Nilikuwepo.

Nilikuwa nyuma ya tangi la maji, najaza chupa yangu bombani. Niliwaona Sukari na wenzake wawili wakitoka jengo la zamani wanacheka, hawakuniona. Nikasikia mlango unagongwa. Nikasikia na sauti. Mnadhani sikuitambua? Ningeitambua hata chini ya maji. Lakini siku ile wasichana wa darasa langu, ambao mwaka mzima waliniita "dada yake Redio" na kunipisha kama nina upele, walikuwa wananingoja getini. Mara ya kwanza! Tulikuwa tunakwenda kusukana nywele nyumbani kwa mmoja wao. Nikajiambia watamfungulia sasa hivi. Nikajiambia mtoto huyu naye anazidi kudeka. Nilijiambia mengi, chupa ikajaa, nikaenda zangu.

Basi, nimesema. Msinitolee macho. Si mimi niliyepachika rula. Na mkuu ningempa jina la Sukari, angeniuliza nilijuaje. Hasira zangu zote nilizipeleka kwa Sukari na zilimfaa. Palikuwa na mahali pengine pa kuzipeleka, napo napajua, ila huko sikutaka kwenda.

Mazoezi yakaanza. Na hapo Mungu akanipa zawadi: Sukari hawezi kukariri! Uso anao, machozi anayo, sauti anayo, kichwani hamna kitu. Mistari miwili ikifuatana, wa pili umeshapotea. Makofi alijaribu kila njia, akamwandikia viganjani, akamwimbisha, wapi. Mwisho akaja na mbinu yake. Alinivuta na kigoda changu mpaka ukingoni kabisa mwa pazia, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama Sukari.

"Sikiliza," akamwambia. "Usiyatafune maneno. Ukianza kufikiria umepotea. Mkumbushaji anakunong'oneza mstari wote, wewe unautoa wote. Yakiingia sikioni, yatoke mdomoni. Hisia weka zako, maneno si kazi yako."

Na ikafaa, bwana! Siku tatu za kwanza aligugumia, siku ya nne akaanza kutiririka. Namnong'oneza huku, yanatoka kule, makali, matamu, na machozi juu yake. Wanafunzi wanaochungulia dirishani walikuwa wanapigwa na butwaa. Kumbe mimi ndiye ninayezungumza na yeye ndiye anayesifiwa. Nilikuwa narudi nyumbani nasaga meno.

Wiki ya pili njaa ilikuwa inaniuma na Makofi hataki kutuachia. Kwenye karatasi Mwonevu anamtishia mwenzake, "Usipoleta huo mkoba, utanijua mimi ni nani." Sijui shetani gani alinipitia. Nikanong'ona, "Usipoleta huo mkoba, nitakula sketi yangu."

Sukari akakunja uso, akanyoosha kidole, akanguruma: "Usipoleta huo mkoba, nitakula sketi yangu!"

Tulicheka mpaka Makofi akasahau kupiga makofi. Sukari mwenyewe ilimchukua muda kujua amesema nini. Alinijia nyuma ya pazia, nikadhani anakuja kunizaba kibao, kumbe anacheka, machozi yanamtoka. "Wewe ni mshenzi," akaniambia, akanipiga bega kama shoga yake wa miaka.

Mimi nilikuwa nimeacha kucheka zamani. Nilikuwa natazama zile karatasi, ukurasa wa mwisho, toba ya Mwonevu. Kumbe huyu anasema chochote ninachomwambia.

Kilichobaki ni kumleta mdogo wangu ukumbini. Nilikwenda kwanza kwa mama, kazini. Mama anapiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa anayefulia mahoteli. Ukiingia pale mvuke unakupokea mlangoni, shuka nyeupe zimepangwa mpaka darini, kila fungu na kipande cha kitambaa chenye namba kilichobanwa kwa pini. Mama alikuwa na mwenzake wanakunja shuka, huyu pembe hii, yule pembe ile, wanakutana katikati kama wanaosalimiana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefukuzwa shule?"

"Hapana, mama. Nataka Jumamosi uje na mdogo wangu kwenye mchezo."

"Hatoki nyumbani, unajua." Aliweka shuka, akachukua nyingine. "Mbona unatetemeka?"

"Joto."

"Joto halitetemeshi mtu. Mwanangu, mimi nakujua, nimekuzaa mwenyewe. Hiyo sura umeivaa tangu barua ilipokuja. Hutaki kumfanyia mtu jambo?"

"Mama! Mimi nakaa nyuma ya pazia na karatasi. Nitamfanyia nani jambo?"

Mwenzake akacheka, "Mwache mtoto, huenda anataka aonekane na mamaye." Mama hakucheka. Alipitisha pasi mara mbili mahali ambapo tayari palikuwa pamenyooka, akasema atakuja, lakini mdogo wangu nimwombe mwenyewe.

Nilimkuta mezani na kifuniko chake cha kalamu. Nikavuta kiti.

"Jumamosi uje shuleni."

"Ng'o."

"Kuna mtu atasema."

Kifuniko kikasimama. Akainua uso, akaniangalia kwa muda mrefu, jinsi ambavyo alikuwa hajaniangalia tangu siku ile.

"Atasema mbele za watu?"

"Mbele ya wazazi, walimu na mkuu wa shule."

"Yote?"

"Yote. Nakuapia."

"Haya," akasema polepole. "Nitakuja, dada."

Nililala usingizi mzuri siku hiyo. Mpumbavu mimi.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mapangaboi yanazunguka hayaleti upepo, watoto wachanga wanalia, viti vya plastiki vinasaga sakafu. Mkuu wa shule mstari wa mbele, miwani puani. Mama na mdogo wangu walikaa nusu ya nyuma ya ukumbi, karibu na mlango. Mdogo wangu alivaa sweta la shule.

Nyuma ya pazia Sukari alikuja akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Usiniache leo," akasema. "Leo wewe ndiye kichwa changu."

"Siendi popote."

"Mdogo wako yupo. Nimemwona." Akasubiri niseme kitu. Nikapanga karatasi zangu. "Amekonda," akasema, akaachia mkono wangu, akaenda kusimama mahali pake.

Ningekuwa na huruma ningeyaacha yale maneno yaniingie. Sikuwa nayo. Eti amekonda! Nani alimkondesha?

Mchezo ulikwenda vizuri, siwezi kudanganya. Mwonewa alilia akapigiwa makofi. Barua zisizo na jina zilipoanza kudondoka kwenye begi la Mwonevu, kina mama walikuwa wanashikana mikono. Sukari alikuwa anawaka. Kila nililomwambia alilitoa kama limezaliwa tumboni mwake. Ikafika toba. Taa zikabaki moja, Sukari peke yake katikati, kipaza sauti kimeshushwa mbele yake.

Makofi alikuwa ameandika, "Ee ulimwengu, ni mkono wangu huu ulioliponda ua changa." Upuuzi mtupu. Niliikunja ile karatasi mara nne nikaikalia.

Nikanong'ona, "Kwenye mchezo naitwa Mwonevu."

"Kwenye mchezo naitwa Mwonevu," akasema Sukari.

"Mchezo ukiisha, jina langu ni hilo hilo."

"Mchezo ukiisha, jina langu ni hilo hilo."

"Nilimwita mwenzangu Redio, kwa sababu alikuwa anahesabu kwa sauti."

Akalitoa neno Redio na ndipo masikio yake yakalisikia. Wanafunzi waliokaa chini mbele wakavuta pumzi kwa pamoja. Macho ya Sukari yakanigeukia kule kwenye pazia, makubwa, yananiomba. Nikamwonyesha meno. Yalisikika mapangaboi tu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kukimbia. Nikanong'ona mstari uliofuata, naye akausema. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda mdomo ulishazoea, au labda na yeye alikuwa amechoka kuibeba siri ile.

"Kila asubuhi nilimsokota sikio nikawafundisha na wengine. Ijumaa ile nilimsukuma kwenye choo cha mwisho, jengo la zamani. Nikapachika rula kwenye komeo. Nikaondoka nacheka."

Yote aliyasema, moja baada ya jingine, machozi yanashuka hadi kidevuni, na safari hii hayakuwa ya mchezo. Mkuu wa shule alivua miwani.

Hapo ndipo nilipopanga niishie. Yalikuwa yametosha. Lakini hasira haina breki, ndugu zanguni. Nilikuwa nimesimama, kigoda kimeanguka, nalitazama lile sweta kule nyuma na maneno yanakuja yenyewe, sikuwa nayachagua tena.

"Aligonga mlango. Aliita," nikanong'ona.

"Aligonga mlango. Aliita."

"Nilisikia. Nilikuwa bombani, najaza chupa."

"Nilisikia. Nilikuwa bombani, najaza chupa."

"Alisema dada. Dada, nifungulie. Aliniita mimi."

"Alisema dada. Dada, nifungulie. Aliniita mimi..."

Sukari akakatika. Alikuwa hana chupa siku ile, na mdogo wangu dada anaye mmoja tu, shule nzima inajua. Aligeuka akanitazama kwenye upenyo wa pazia. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa ameshangaa, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta mtu ndani.

"Ulikuwepo?" akauliza. Aliuliza taratibu, lakini kipaza sauti kiliibeba hadi nje uwanjani.

Ningetoka. Hatua mbili tu, nilishawaambia. Sikutoka. Na Makofi, kule upande wa pili, akadhani Sukari amesahau maneno, akapiga kofi kubwa kuashiria pazia lifungwe. Pa!

Basi watu wakalipokea. Ukumbi mzima ukapiga makofi! Wakasimama, wakapiga vigelegele, wakapiga miluzi. Mama mmoja alikuwa analia huku anasema, "Hawa watoto wana kipaji, hawa watoto wana kipaji." Nilisimama gizani nasikiliza nikatamani kuwatupia kigoda. Walidhani ni mchezo.

Mkuu wa shule hakudhani. Jioni ile ile alimwita Sukari ofisini. Nasikia hakubisha hata neno moja, alitaja na wenzake wawili, akasema rula ilikuwa yake. Wakasimamishwa wiki tatu wote, wazazi wakaitwa. Mimi sikuitwa. Mkumbushaji jina lake halitangazwi, na Sukari kumbe hakunitaja. Hilo nalo lilinikasirisha! Nani alimwomba anifichie?

Nyumbani mama alivua viatu akakaa kitandani bila kuwasha taa. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba" kama anayemwitikia mpita njia. Kisha akasema, "Kumbe," akageukia ukutani.

Mdogo wangu alikuwa mezani. Nikavuta kiti kile kile.

"Si amesema?" nikamwambia. Sauti yangu mwenyewe niliichukia. "Si nilikwambia mtu atasema?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi sikukufungia!"

"Najua aliyenifungia. Yule sikuwa namngoja, yule hanipendi tangu mwanzo." Alikuwa anaongea bila kupandisha sauti, nami ningependa anipigie kelele. "Ulivyoniambia kuna mtu atasema, nikajua basi, dada ameamua. Ndiyo maana nilivaa sweta."

"Nilikuwa bombani. Nilidhani watakufungulia, Mungu anajua..."

"Hukuwa bombani."

Nikashika ukingo wa meza.

"Ulikuja mpaka mlangoni," akasema. "Chini ya ule mlango pana uwazi. Niliona viatu vyako, cha kushoto kamba yake ya bluu, niliifunga mimi asubuhi ile wewe unapiga mswaki. Nilipoiona nikaacha kugonga. Nikasema dada amekuja. Nikasikia unashika rula. Halafu wakakuita kule getini."

Hilo sikuwaambia hata nyinyi. Nilikuwa nimeanza kuliamini lile la bomba, kwa jinsi nilivyolirudia kichwani. Ni kweli nilifika. Ni kweli niliishika ile rula, nilikuwa naivuta, na mtu akapaza sauti getini, "Wewe unakuja au unakwenda kumsikiliza Redio?" Nikacheka ili wasikie kwamba nacheka. Nikaiachia.

"Ulicheka," mdogo wangu akasema. "Baada ya hapo sikukuita wewe tena. Mlinzi aliniokota kwa bahati tu."

Nilitafuta hasira zangu, zile nilizozaliwa nazo, nikakuta hakuna wa kumrushia. Nikamwambia nisamehe. Nikasema mara ya pili. Alifungua daftari la hesabu, akalilaza, akalinyoosha kwa kiganja kama mama anavyonyoosha shuka.

"Narudi shule," akasema. "Si kwa ajili yako."

Jumatatu aliamka kabla yetu. Mama alimpigia pasi sketi mikunjo yote, akamfunga tai, akamshika uso kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa bado nafunga viatu kizingitini, fundo linakataa. Alinivuka, begi mgongoni, akashika njia.

"Msubiri dada yako!" mama akapaza sauti.

"Njia anaijua," akajibu, wala hakugeuka.